Fulana za Unguja na Swali la Mwanafunzi

Katika kurasa kama hizi desturi yetu sisi walimu ni kupima vitabu. Kitabu hiki chafaa darasani, hiki hakifai. Hiki kina Kiswahili safi, hiki kimejaa makosa. Leo twaomba ruhusa kupima kitu kisicho na jalada wala kurasa, lakini chenye wasomaji wengi kuliko vitabu vyote vya kabati letu la shule. Kitu chenyewe ni fulana: zile fulana za ukumbusho ziuzwazo Unguja, zilizochapwa picha za kisiwa na maneno ya kisiwa, ambazo mgeni huzinunua siku mbili kabla ya kurudi kwao.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa Karagwe, akaaye katikati ya migomba na mibuni, ana shauri gani na fulana za Unguja? Jibu letu ni hadithi fupi.

Tuliwapa wanafunzi wetu insha juu ya kisiwa cha Unguja. Mmoja wao, kijana atokaye upande wa Kyerwa, mwenye mwandiko mzuri, aliandika kwamba Unguja ni kisiwa chenye simba, na kwamba simba hao hulala chini ya minazi ufukweni, na nyuma yao huonekana mlima mrefu wenye theluji. Tulipiga mstari wa wino mwekundu chini ya sentensi hizo, tukampa alama 4 katika 10, kisha tukamwita. "Haya umeyatoa wapi?" Hakujibu kwa mdomo. Alifungua vifungo vya shati lake la shule, akatuonyesha fulana aliyoivaa ndani kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Simba alikuwapo. Mnazi ulikuwapo. Mlima ulikuwapo. Na juu ya yote neno ZANZIBAR kwa herufi kubwa. Kisha akauliza kwa adabu: "Mwalimu, kwani aliyeiandika fulana hii si mtu wa Unguja?"

Hatukuwa na jibu. Wakati ule sisi wenyewe tulikuwa hatujaiona Unguja ila katika vitabu. Tulimwambia akae, tukaendelea na somo. Lakini swali lile lilibaki kwetu kama mwiba katika unyayo.

Kwanza tulitaka kujua fulana ile ilifikaje Karagwe. Mama yake aliinunua katika gulio la Omurushaka, katika marundo ya mitumba. Ndani ya ukosi palikuwa na herufi mbili za jina la mtu, zimeandikwa kwa wino usiofutika, kama wafanyavyo wazazi wa Ulaya kwa nguo za watoto waendao safari. Basi njia yake yaonekana ilikuwa hii: mgeni aliinunua Unguja, akaipeleka kwao, ikamchosha, akaitoa pamoja na nguo nyingine kuukuu, ikafungwa katika marobota, ikavuka bahari tena, ikapanda magari hata kufika kwetu. Kutoka Unguja hadi Karagwe ni kama kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. Fulana ile ilizunguka nusu ya dunia ili kutimiza safari hiyo.

Walakini si mara ya kwanza nguo kutufikia kutoka Unguja. Wazee wetu walivaa ngozi na rubugo. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa pwani walipokuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Omukama wa Karagwe, walileta ushanga na nguo, wakachukua pembe za ndovu. Nguo mojawapo waliyoileta ni merikani, pamba isiyotiwa rangi, ambayo iliitwa hivyo kwa sababu ilifumwa Marekani na kuletwa Unguja kwa merikebu za Salem. Nguo ile ilipita mikono mingi hata ikafika kwa Rumanyika. Lakini ilikuwa nguo nyeupe isiyo na neno. Aliyeivaa aliweza kusema alichotaka. Nguo zitufikiazo siku hizi huja na maneno tayari, nasi huyavaa kabla ya kuyasoma.

Ndipo likizo moja tulipopata nafasi ya kusafiri kwenda Unguja kwa arusi ya mwalimu mwenzetu. Arusi ilipokwisha, tulitoa siku mbili kamili tukazunguka katika Mji Mkongwe, Mtaa wa Gizenga, Hurumzi na kandokando ya Forodhani, tukisoma fulana zilizotundikwa milangoni mwa maduka kama msomaji asomavyo vitabu katika rafu. Yaliyo hapa chini ndiyo hukumu yetu.

Tuanze na sifa, maana si haki kuanza na lawama. Fulana zilizotupendeza kuliko zote ni zile za jahazi. Chombo hucorwa kwa rangi nyeusi tupu kama kivuli, na nyuma yake jua la machweo. Wa kwanza tuliyemwuliza alitueleza sababu ya rangi kuwa chache: fundi mchapaji hupitisha wino katika kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu, na kila rangi yahitaji fremu yake, basi rangi mbili ni kazi nyepesi, rangi sita ni gharama. Hivyo umaskini wa rangi umemfunza fundi kuchora vizuri. Katika fulana bora tuliyoiona, foromali ilikaa kwa mshazari wake wa haki juu ya mlingoti, na tanga lilijaa upepo upande mmoja tu, kama lipasavyo. Mtu aliyechora vile amewahi kukaa pwani akatazama. Katika nyingine tanga lilichorwa kama pembe tatu iliyochongwa kwa rula, na chombo kilikuwa kikienda kinyume cha upepo wake chenyewe. Hata mtu wa bara kama sisi aliweza kuona kosa.

Za pili ni fulana za milango. Milango ya Mji Mkongwe yastahili sifa yake. Ipo yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, na ipo ya mtindo wa Kihindi yenye tao na misumari mikubwa ya shaba. Na nakshi zake ni kazi ya miezi mingi. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na milango hii ni sehemu ya sababu. Wachoraji wa fulana wameinakili kwa uaminifu. Lakini tulipoitazama sana tuliona jambo. Milango yote imefungwa, na mbele yake hapana mtu. Katika mtaa wenyewe, pembeni mwa mlango huwa baraza, na juu ya baraza huwa watu: wazee wakizungumza, muuza kahawa na mabuli yake, watoto warudio kutoka chuoni. Fundi ameubakiza ubao, amewaondoa wenyeji.

Tangu hapo tulianza kuhesabu watu. Katika fulana za mandhari tuliona minazi, mchanga, kasa, pomboo na jua. Hatukumwona mwanamke hata mmoja wa wale wa Paje na Jambiani, ambao bahari ikitoka huingia majini kufunga mbegu za mwani katika kamba, kazi ambayo imewapa kipato chao wenyewe tangu miaka ya mwisho ya 1980. Hatukuona mchuma karafuu juu ya mti, wala jamvi la karafuu zikianikwa, ingawa karafuu ndizo zilizokijengea kisiwa utajiri wake tangu siku za Seyyid Said. Pemba, ambako ndiko hasa karafuu nyingi hutoka, haikuandikwa popote. Kima punju wa Jozani, ambaye kwa asili haonekani popote duniani ila Unguja na vijisiwa vya jirani, tulimwona mara mbili tu. Simba, ambaye hayuko Unguja kabisa, tulimwona katika kila duka.

Wanadamu tuliowapata walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza ni Mmasai mwenye mkuki, anaruka au amesimama kwa mguu mmoja. Ni kweli vijana wengi wa Kimasai wamekwenda Unguja kutafuta kazi, nao hulinda mahoteli na kuuza shanga ufukweni. Lakini nyumbani kwao ni bara. Wa pili ni Freddie Mercury, mwimbaji. Huyu ana haki ya kuwapo: alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa wazazi wa Kiparsi, jina lake Farrokh Bulsara, akasomeshwa India, na jamaa yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Lakini fulana haionyeshi mtoto wa Unguja. Yaonyesha mtu mzima wa London mwenye masharubu, amenyanyua mkono jukwaani. Basi tuhesabu: mtu mmoja aliyekuja kutoka bara, na mtu mmoja aliyeondoka. Watu wa visiwa hivyo, ambao katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya milioni 1.8, hawamo. Fulana hizi zaonyesha kisiwa kilichohamwa.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapo ndipo mwalimu wa lugha huwashwa mkono. Neno lililochapwa kuliko yote ni "Hakuna matata". Hatusemi kwamba si Kiswahili. Ni Kiswahili, na mwenye kulitamka hajakosa sarufi. Lakini katika siku zetu zote za Unguja hatukumsikia mwenyeji akimwambia mwenyeji mwenzake hivyo. Walisema hamna tabu, hakuna shida, haidhuru. Neno hili lilienea katika nyimbo za mahoteli, hasa baada ya wimbo wa Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa mwaka 1982. Kisha likaenda duniani kwa filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Kampuni ya Disney, iliyotoa filamu hiyo, iliomba Marekani haki ya neno hili kama alama ya biashara juu ya nguo, zikiwamo fulana, na mwaka 2003 haki hiyo iliandikishwa. Mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia majina yao katika ombi la kuipinga. Basi neno la lugha yetu sasa lina mwenye hati huko ng'ambo, na hati yenyewe ni ya fulana.

La pili ni "Jambo" tupu. Hilo tulilionea huruma. Hujambo, hamjambo, sijambo: neno limevaa kiambishi chake, laonyesha nani ausemesha nani. "Jambo" peke yake ni kama mtu aliyetoka nyumbani na shati bila suruali. Mwenyeji hamsalimu mwenyeji hivyo; ni salamu aliyoshonewa mgeni kwa kipimo chake.

Lakini lawama yetu kubwa kuhusu "Hakuna matata" si ya sarufi. Kutoka madukani ukitembea kidogo wafika Mkunazini. Hapo palikuwa soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873 kwa mapatano yaliyomlazimu Sultani Barghash, na mahali hapo likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Nje ya kanisa pana shimo, na ndani ya shimo sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs wa Sweden, iliyowekwa mwaka 1998. Tulisimama pale muda mrefu. Wengi waliouzwa katika soko lile walitoka bara, wakaletwa kwa njia zile zile zilizopandisha merikani. Tulipotoka, mtaani upepo ulikuwa ukizipeperusha fulana zenye kusema hakuna matata.

Msomaji asitudhanie kwamba tunataka minyororo ichapwe juu ya vifua vya watalii. La. Si kila jambo la kweli lafaa kuvaliwa. Mambo mengine mahali pake ni shimoni, kimya, ambako mtu hushuka akavua kofia. Yakichapwa kwenye nguo yatalowa jasho na kufuliwa pamoja na soksi. Tunalosema ni dogo zaidi. Fulana haina wajibu wa kusema yote, lakini ina wajibu wa kutokana lisilo la kweli. Jahazi juu ya nguo halikani kitu. Mlango haukani kitu. "Hakuna matata" yakana: yasema mahali hapa hapakuwa na taabu, wala hapana. Na kisiwa chenye historia ya soko lile, na ya damu ya mapinduzi ya Januari 1964, hakistahili kuitwa mahali pasipo na taabu na mtu aliyekaa siku saba.

Kwa upande mwingine tulijifunza kwamba fulana yaweza kuhifadhi kitu bila kukusudia. Jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Tulipata fulana moja iliyolichora zima, na mnara wake wa saa, na veranda zake zote. Muuzaji hakuwa ameibadilisha. Basi mtu akiivaa anavaa jumba kama lilivyokuwa. Tuliishika fulana hiyo kwa heshima kidogo.

Hapo ndipo tulipokumbuka kanga. Pwani hii ilikuwa na nguo yenye maneno zamani kabla ya fulana. Kanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina jina, yaani maneno yake. Husimuliwa kwamba mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kama Abdulla, ndiye aliyeanza kutia methali katika kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Tazameni tofauti. Kanga huchaguliwa kwa maneno. Mwanamke hukaa dukani akasomesha kumi, akachukua ile iliyo na neno analotaka jirani yake alisome, au mumewe, au wifi yake. Neno la kanga lina mwenye kulisema na mwenye kuambiwa. Ndiyo maana lauma, na lafariji. Neno la fulana halimwambii mtu yeyote. Mgeni hulivaa kwao, kati ya watu wasiolijua, na lugha yetu yageuka kuwa ua la pambo. Tena kanga huvaliwa na mwenyeji. Na hapa tulipata kipimo tulichokuwa tukikitafuta: je, mtu wa mahali aweza kuivaa nguo hii mbele ya watu wake asione haya?

Asubuhi ya pili tulirudi na kipimo hicho kwa muuzaji mmoja wa Mtaa wa Gizenga, mtu wa makamo mwenye kofia ya viua. Mwilini alivaa jezi ya timu ya mpira ya Uingereza. Tulisalimiana, akatukaribisha tukae. Tukamwuliza, "Bwana, mbona wewe mwenyewe hukuvaa bidhaa yako?"

Akacheka. "Hizi za wageni, mwalimu. Miye simba nimvalie nini?"

"Basi ni nani aliyemleta simba Unguja?"

"Mgeni mwenyewe. Tulitundika za majahazi, akapita. Tukatundika za simba, akasimama. Nina watoto watano. Sasa niandike nini?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la mwanafunzi wetu. Fulana ile haikuandikwa na mtu wa Unguja, ingawa mkono uliopitisha wino huenda ulikuwa wa Unguja. Iliandikwa na mnunuzi. Yeye alikuja na simba kichwani, na mlima wa Kilimanjaro kichwani, na wimbo wa filamu kichwani. Akavikuta vimetundikwa mlangoni, akafurahi kwamba Afrika ni kama alivyoijua. Alilipa fedha ili auziwe mawazo yake mwenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twakubali kwamba muuzaji yule na watoto wake wamepona. Hatukupata neno la kumlaumu. Lakini kupona kwa tumbo kusifunge macho yetu, maana fulana haikomi kwa mgeni. Yarudi katika marobota, na wa mwisho kuisoma ni mtoto wa Kiafrika asubuhi ya baridi, ambaye huamini kila kilichochapwa.

Tulinunua fulana mbili. Moja ya jahazi, ile yenye foromali ya haki, kwa ajili ya kijana wetu. Na ya pili? Tukiri. Tulinunua ya simba, kwa mtoto wa ndugu yetu, kwa sababu ilipunguzwa bei.

Tuliporudi nyumbani tulianza kuwaza habari zetu. Huku kwetu nako wageni wanaanza kuja. Mwaka 2019 serikali iliyafanya mapori ya Burigi, Rumanyika na Ibanda kuwa hifadhi za taifa: Burigi-Chato, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Siku moja, huko Kayanga au Nkwenda au Murongo kwenye mto Kagera, mtu atatundika fulana mlangoni. Itakuwa na picha gani? Tunao mfano wa kale wa kutuonya. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza Speke na Grant walifika kwa Omukama Rumanyika, wakapokewa kwa ukarimu mwingi. Grant, aliyeugua mguu, alikaa hata mwaka uliofuata akitunzwa. Speke alitoa kitabu chake mwaka 1863. Na katika yote aliyoyaona kwetu, yale yaliyoshika masikio ya watu wa Ulaya ni wanawake wanene wa jamaa ya mfalme, walionyweshwa maziwa, ambaye mmoja wao alimpima unene wake kwa kipimo. Kama fulana zingekuwako siku zile, Karagwe ingalichapwa hivyo, na hata leo tungalikuwa tukielezea. Wahunzi waliowafulia wafalme ng'ombe wa chuma, nyundo na mikuki ya enzi, wasingalipata nafasi hata ya mkono wa fulana.

Kwa hiyo tuliwapa wanafunzi kazi. Kila mmoja achore fulana moja ya kwetu, Karagwe au Kyerwa, picha na maneno. Tulikusanya michoro jioni. Twawaambia wasomaji kweli: zaidi ya nusu walichora simba. Wengine tembo na twiga, na wawili walichora Kilimanjaro, mlima ulio mbali nasi kuliko nchi tatu za jirani zetu. Hatukuwakasirikia. Walifanya kama muuzaji wa Gizenga: walitutazama usoni wakakisia tunachotaka kununua.

Lakini walikuwapo waliofikiri. Mmoja alichora chemchemi ya maji moto ya Mtagata, na watu wakioga. Msichana mmoja alichora mkungu wa ndizi na jembe, akaandika majina ya ndizi manane kwa Kinyambo, kila jina mstari wake. Tulijifunza mawili tuliyokuwa hatuyajui. Mwingine alichora ng'ombe wa chuma wa Bweranyange, miguu mitano kwa bahati mbaya. Tulimwambia aache ule wa tano ubaki. Mhunzi naye hukosea.

Yule kijana wetu alichelewa kuleta wake. Alipouleta tuliona mwanamke mzee ameinama juu ya jamvi, akigeuza kahawa juani, na kando yake kuku mmoja afukuzwaye. Hapakuwa na mlima wala mnyama wa porini. Tulimwuliza yale yale ambayo mwenye duka angemwuliza: "Hii atainunua nani?"

Akafikiri. "Sijui, Mwalimu. Lakini bibi atakubali kuivaa."

Tulimpa alama 9 katika 10. Moja tuliizuia kwa sababu chini ya picha aliandika "kaawa."